Chapati za Nyieka na Barua za Watu Nisiowajua

Kama una tumbo linalokusumbua na umechoka kuulizwa maswali, kaa hapa nikusimulie la kwangu. Udaktari sitakufundisha, maana sikuusomea, na waliousomea walinizungusha miaka. Nitakuambia tu nilivyougua, nilivyongoja, na watu walionivusha, ambao wengine hata leo siwajui kwa sura. Sasa mimi ni mzima. Nalala, naamka, nakula nikashiba, na kushukuru sijaacha.

Ilianza mwishoni mwa miaka ya themanini, mvua za masika zilipokuwa zikikatika. Nilikuwa karani wa taipu katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu, mali ya familia moja ya Kalasinga. Mume wangu alikuwa mwalimu, na binti yetu Awiti alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Asubuhi nilikunywa chai na mkate kazini kama wenzangu. Saa nne mandazi, jioni mkate tena, maana mtu anayetoka kazini amechoka hana hamu ya kusonga ugali. Nilijiona mtu wa mjini hasa.

Kwanza tumbo likaanza kujaa hewa. Kufika adhuhuri gauni limenibana na wateja wananipa pongezi za mimba isiyokuwepo. Kisha likaja la kuhara, na nikavijua vyoo vyote vya mji, cha stendi, cha soko na cha kila mtu aliyenionea huruma. Nywele zilibaki kwenye kitana. Mdomo ulijaa vidonda, kucha zikawa zinakatika nikigonga taipu. Mimba mbili za kweli zilipokuja, zote zilitoka. Nikakonda mpaka pete ya ndoa ikaanguka kwenye beseni nikifua, na Baba Awiti akaizungushia uzi ili isinitoke tena kidoleni.

Sasa, kukonda na kuhara Kisumu, miaka ile. Nadhani sihitaji kukueleza. Watu walikuwa na jibu kabla ya kuuliza swali. Kazini kikombe changu kikatengwa kimyakimya, kikawa kinakaa peke yake upande wa dirisha. Kanisani mama mmoja alinishika mkono akaniambia nimkabidhi Mungu watoto, na mtoto niliyekuwa naye ni mmoja tu.

Baba Awiti hakusema neno mpaka siku moja aliponikuta nimekaa kitandani nimeshika kiatu kimoja, nimechoka kuvaa cha pili. Akachuchumaa akanivalisha. "Kesho twende tukapime," akasema. "Wote wawili. Kama ni kufa, tujue pamoja. Sitaki mmoja abaki anaosha vyombo peke yake."

Tukaenda. Yale mabenchi ya kungojea majibu nayajua mpaka leo, mbao zake na watu wake, kila mmoja akiangalia sakafu. Majibu yalipotoka, ule ugonjwa hatukuwa nao, yeye wala mimi. Tulicheka mpaka muuguzi akatuomba tutoke nje kwa heshima ya wengine. Lakini tulipowaambia watu, walitikisa vichwa kwa upole. Walisema daktari ametuhurumia.

Nikaendelea kutafuta. Nilipewa dawa za minyoo, za amiba, za vidonda vya tumbo, za taifodi ambayo sikuwa nayo. Nilipoenda kupumzika kwa mama yangu huko Seme nilikozaliwa, nilikaa foleni ya hospitali ya Kombewa kuanzia asubuhi. Mama mmoja nisiyemjua akafungua kitambaa chake, akamega kiazi kitamu cha kuchemsha, akanipa nusu. "Kula, nyathina," akaniambia, yaani mwanangu. "Hii tumbo haikatai." Na kweli halikukataa. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini, lakini mgonjwa hana akili, ana uchovu tu. Nilimshukuru, nikalala begani kwake mpaka jina langu likaitwa.

Hapo ndipo sina budi kumleta nyieka. Ndivyo tunavyoitana kwa Kiluo sisi tulioolewa na ndugu, na wangu alikuwa mke wa shemeji yangu, pale nyumbani kwetu Nyakach, mwendo mfupi kutoka soko la Katito. Kabla ya kuolewa alikuwa amefanya kazi katika hoteli ya chakula pale Mamboleo, na huko alijifunza kupika chapati za tabaka, laini, ambazo ukizishika zinaachana zenyewe. Katika boma zima hakuna mwingine aliyeziweza. Kila Krismasi na kila Pasaka tukirudi nyumbani, alitukaribisha sisi wa mjini kwa chapati. Akishatandika sahani alikaa mbele yangu akanitazama usoni aone kama zimetoka vizuri, kama mpishi yeyote anavyofanya.

Nami nilikula. Nne, tano, huku namsifu. Jioni yake najikunja kwenye mkeka nalia, tumbo limevimba kama la mtu wa miezi saba.

Mama mkwe wangu, ambaye namwita Mama tu, ni mtu makini. Aliona mara ya kwanza akanyamaza. Akaona mara ya pili. Ya tatu akamwita mume wangu kando. "Huyu mtoto wa watu," akasema, "anaumwa kila akila mbele ya yule."

Kwetu tuna jambo linaloitwa sihoho. Ni jicho. Mtu mwenye jicho hilo akikutazama ukila, chakula kinashika tumboni, kinakaa humo kinakuchoma. Mwenyewe huenda hataki, huenda hata hajui, lakini jicho ni lake. Hakuna mwanamke anayetaka jina hilo.

Na Mama hakuwa na ubaya. Aliniona nakufa, naye akafanya alichojua. Akaleta mzee wa kupiga chuku kutoka ng'ambo ya mto. Mzee akanichanja, akaweka pembe, akavuta, na alipoitoa akatuonyesha kiganjani vipande vyeupe vilivyolowa. Vipande vya chapati. Niliviona kwa macho yangu. Viliingiaje katika ile pembe, muulize yeye. Kisha akatoa sharti kwamba nisile tena chochote kilichopitia mkononi mwa nyieka.

Nikabaki nyumbani mwezi mzima wa likizo, nakula chungu cha Mama: kuon, ambao ndio ugali wetu, na samaki, mboga za kienyeji, uji wa wimbi. Na nikapona! Nilinenepa hata mashavu. Mzee wa chuku akapata sifa mpaka Sondu, na nyieka akapata jina. Niliporudi Kisumu kwenye mkate wangu na ugonjwa ukarudi, Mama alisema jicho lina miguu, limenifuata.

Mimi sikuliamini lile jambo kwa nyieka, na nilisema hivyo kila mara. Lakini utasema nini wakati mwili wako wenyewe unatoa ushahidi dhidi ya mwenzako? Nikimtetea, Mama alinipapasa kichwa akasema nina moyo mzuri, ndiyo maana ninaonewa. Watoto wa boma wakawa wanaitwa kula upande mwingine. Kibanda chake cha chapati pale Katito kikakosa wateja. Yeye mwenyewe akaanza kugeuza uso. Watu wakikaa kula, alisimama akatoka, au alikaa akiwapa mgongo.

Hivyo tukaenda miaka kadhaa, mimi nikikonda na yeye akigeuka.

Nilikuja kupona mwaka gugumaji lilipofunga ghuba yetu mpaka mashua hazikuweza kutoka gatini. Katika hospitali moja ya mjini alikuwepo daktari wa kike, mpole, mwenye sauti ndogo. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Tangu asubuhi mpaka usiku, unakula nini?" Nikamtajia. Akaandika, akanitazama, akaniuliza tena kuhusu mkate. Nikamezeshwa mpira wenye taa mwishoni, jambo ambalo simwombei adui, wakachuna kijinyama kidogo cha utumbo kikapelekwa Nairobi. Mvua za vuli zilinyesha zikaisha kabla jibu halijarudi.

Jibu lilikuwa ngano. Tumbo langu halipatani na ngano, wala shayiri, na halitapatana nazo mpaka nife. Wanauita siliaki.

"Na dawa?" nikauliza.

"Dawa ni kuacha. Mkate, chapati, mandazi, keki, tambi. Usionje hata kidogo."

Nilitoka pale nikakaa chini ya ukuta nikalia, halafu nikaanza kuhesabu kilichobaki. Ugali upo. Wimbi upo, mtama upo, wali upo. Samaki wa ziwa wapo, sangara, ngege, omena, kisha mboga, mihogo, viazi, maharagwe, ndizi, karanga. Nikahesabu mpaka nikaona aibu kulia. Mungu alinipa ugonjwa wa mkate akanizaa penye ugali, na hilo nalishukuru kila siku.

Kabla masika hayajaanza nilikuwa mtu mwingine. Uzi kwenye pete tuliukata. Nywele zikarudi, tena nyeusi zaidi. Mwaka uliofuata nikabeba mimba, nayo ikakaa, na Awiti akapata mdogo wake.

Nilikimbia nyumbani na habari hiyo nikidhani nabeba wokovu wa nyieka. Nikawakalisha, nikawaeleza. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ngano," akasema.

"Ngano, Mama."

"Ngano ambayo watu wote wanakula."

"Mimi pekee ndiyo inanikataa."

"Mwanangu, Yesu alipoumega mkate akawapa wanafunzi, alikuwa anawapa sumu?" Akanishika mkono. "Umemwogopa, ndiyo maana unamfunika. Mimi siogopi."

Kwa hiyo kupona kwangu hakukumsaidia. Nilipoacha chapati zake nikapona, na kwa macho ya boma zima hiyo ilikuwa hakika ya mwisho. Sasa ilibidi nikae na afya yangu nikiona aliyeilipia.

Kufikia mwisho wa miaka ya tisini duka letu likaingiza barua pepe. Ilikuwa anwani moja kwa ofisi nzima. Asubuhi na jioni mhasibu wetu, Bwana Owuor, alipiga simu kupitia kompyuta, mashine ikapiga mluzi na kukwaruza, halafu akachapa kila kilichoingia na kugawa mezani: bei za mabati, ankara, salamu za jamaa wa tajiri walioko Uingereza. Mke wa tajiri, Mama Harjit, siku moja aliona nimerudisha keki ya siku ya kuzaliwa na kuniuliza sababu. Nilipomwambia alipiga makofi. "Dada yangu iko na hiyo hiyo kabisa! Kwetu Punjab iko watu mingi. Yeye anaandikia wenzake kwa kompyuta, wanaambiana yote. Nitakupa anwani."

Ndivyo nilivyoingia katika kundi la watu waliotawanyika dunia nzima, wote wanakimbia ngano. Unaandika barua moja, wote wanaipata. Wakijibu, unawapata wote. Waliambiana yote kweli, hadi sura ya choo cha asubuhi, hadi ugomvi wa ndoa. Walikuwa na sheria moja, na waliikariri kwa kila mgeni: kinachosemwa humu hakitoki humu. Kulikuwa na aliyenyimwa kazi mwajiri wake alipojua. Kwa hiyo wengi walitumia majina ya kubuni, nami nikaambiwa nichague langu.

Nikachagua Nyar Seme, yaani binti wa Seme. Nikajipongeza kwa ujanja. Bwana Owuor nikamwambia kwamba barua za huyo Nyar Seme ni za rafiki yangu asiye na kompyuta, anipe mimi. Tangu siku hiyo akawa ananiletea ndani ya bahasha, maandishi yakiangalia chini. Siku moja tu aliongeza neno: "Madam, mimi sisomi. Lakini hii moja kichwa yake imeandikwa kubwa, ati kuhara kwa harusi. Nikaona nifunike haraka."

Nilicheka na wale watu kuliko nilivyowahi kucheka na niliowajua. Walinihurumia kwanza, kwa vile niko Afrika, wakadhani sina cha kula. Nilipowaandikia jedwali la wiki yetu, ugali, samaki, uji wa wimbi, walianza kuuliza wimbi unapatikana wapi. Watu wenye friji mbili walikuwa wanalilia mkate, nami nikawafundisha kusonga ugali kwa barua. Mmoja wa Ireland aliunguza sufuria tatu. Na mmoja wa Finland, mwanamke asiyesema sana, aliandika siku moja usemi ambao sikuusahau: kwamba aliugua miaka mingi katika nyumba yake porini, na kilichomtisha kuliko ugonjwa ni kwamba watu wangejua jinsi alivyokuwa peke yake.

Halafu nyieka akaja Kisumu. Alikuja bila taarifa, na mfuko mdogo, akakaa jikoni kwangu. Nilimpakulia, nikajipakulia, na nilipoanza kula akazungusha kiti akaangalia ukuta.

"Nyieka, geuka tule."

"Niache hivi. Nimezoea."

Alikuwa amekuja kuaga. Mama alikuwa amesema na mume wake, na mume, aliyekataa miaka yote hiyo, alikuwa amechoka. Baada ya Krismasi, watu wote wakishakutana, angerudishwa kwao Kano, alikozaliwa. Watoto wangebaki.

"Wewe unajua si kweli," nikamwambia.

Hakugeuka kutoka ule ukuta. "Zamani nilijua," akasema. "Siku hizi nikimwona mtoto anakula naogopa mwenyewe. Nimeanza kujiuliza, kama ninalo?"

Chakula kilinishinda. Nilijisikia kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa, na hasira ilinipanda ambayo sikuwahi kuwa nayo hata nilipokuwa nakufa.

Nilikuwa na ushahidi. Ulikuwa kwenye bahasha za Bwana Owuor: watu wa nchi za mbali, wenye tumbo lile lile, nywele zile zile kwenye kitana, mimba zile zile zilizotoka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuonja chapati ya Katito. Nyumbani walishayakataa maneno ya daktari. Barua za wagonjwa wenzangu wangezisikiliza. Lakini hazikuwa zangu. Nilipewa kwa sharti kwamba hazitatoka, na mimi niliyekuwa nimetengewa kikombe najua mtu anavyojisikia siri ya tumbo lake ikitembea bila yeye.

Baba Awiti alisema nisome tu, nani Finland atajua. Nikamwambia mimi nitajua. Nikaandikia kundi lote. Nikawaeleza sihoho ni nini, nyieka ni nani, na kitakachompata baada ya Krismasi. Nikaomba ruhusa, mmoja mmoja, kusoma barua zao katika boma la wakwe zangu.

Majibu yalianza kuja. Yule wa Ireland alisema nisome yote isipokuwa jina na mji, na nisitaje sufuria. Dada yake Mama Harjit alisema nitaje hata jina la baba yake. Mwingine alikataa, akaomba radhi, na kwa hiyo yeye hayumo hata humu. Yule wa Finland, niliyemhitaji kuliko wote, hakujibu.

Siku ya mwisho ya kazi kabla ya Krismasi, laini ya simu ilikuwa mbovu. Wenzangu walishaondoka, mimi nikabaki kungoja ya Finland. Bwana Owuor alikuwa na safari yake mwenyewe, mkoba uko mlangoni, lakini alikaa akipiga, inakatika, akipiga tena. Hatimaye mashine ikakubali. Akachapa, akakunja bila kuangalia, akaitia kwenye bahasha.

"Madam Nyar Seme," akasema. "Hii ndio ile ulikuwa unangoja."

Nikabaki nimeshika bahasha. "Bwana Owuor. Kumbe ulijua?"

"Mimi mtu ya Katito, Madam. Kwani huko nyumbani wanakuita nani?"

Nikakumbuka. Kwetu mke huitwa kwa alikozaliwa. Tangu nilipoolewa, katika boma lile na soko lile, hakuna aliyeniita vingine ila Nyar Seme. Nilikuwa nimejificha kwa Wafini na Waairishi nyuma ya jina ambalo kila mwuza nyanya wa Katito analijua. Na mtu huyu alikuwa amejua tangu barua ya kwanza, akawa anaenda nyumbani kila mwezi, anakunywa chai na watu wanaomsema nyieka, na hajatoa neno moja la kwangu.

"Haikuwa yangu ya kusema," akanijibu nilipomshukuru. "Lakini safari hii, sema."

Krismasi ilipopita tukakusanyika nyumbani kwa Mama. Shemeji alikuwepo, mume wangu, wazee wawili wa ukoo, na nyieka karibu na mlango, uso nje. Nikaomba nisome. Nilisoma nikitafsiri kwa Kiluo, polepole. Nilimsoma wa Ireland. Nilimsoma dada yake Mama Harjit, na Mama akatikisa kichwa aliposikia habari za mimba, maana zangu alizilia na mimi. Lakini hakutetereka.

"Hao wote wana watu," akasema. "Ireland nako si kuna macho? Huyo Mhindi si ana wakwe? Nani alimwangalia akila?"

Nikafungua bahasha ya mwisho. Yule mwanamke aliandika hivi, nami nayaweka kwa ruhusa yake: "Huku kwetu sijawahi kumwambia mtu. Tangu mama yangu afe nilikula peke yangu, miaka yote niliyougua. Majira ya baridi theluji ilifunga mlango, na ziko wiki ambazo hakuna jicho la mtu lililoniona. Niliona aibu ya hilo kuliko ya tumbo langu. Kama litamsaidia nyieka wako, waambie."

Mama aliniambia nisome tena. Nikasoma.

"Peke yake?"

"Peke yake, Mama."

"Hata mtoto wa jirani?"

"Hakuna."

"Na tumbo likavimba kama lako."

"Kama langu. Alipoacha mkate likaacha."

Mzee mmoja akakohoa, akaangalia kofia yake. "Basi macho ya nani?" Mama akasema, na hakuwa anamwuliza yeyote. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mwanzoni nilidhani ni ya nyieka. "Mwanamke mzima anakula na kuta. Mwandikie. Mwambie aje kwetu."

Kwetu mzee hamwombi radhi mtoto kwa maneno mengi. Mama alimwita nyieka kwa jina la kwao, Nyar Kano, akamwambia akapike chapati. Nyieka hakusogea. Mama akarudia. Tulingoja, tukasikia unga ukipigwa, tukasikia mafuta. Alipoleta sinia akaliweka na kugeuka kutoka, kama kawaida yake.

"Kaa," Mama akasema. "Hapa. Mbele yangu."

Akakaa. Mama akachukua chapati, akaikunja, akala yote akimtazama usoni, kisha akachukua ya pili. Shemeji akachukua. Watoto wakaitwa wakaingia kwa fujo. Mimi nilipewa kuon na ngege wa kukaanga kwenye sahani ya peke yake, nyieka akiwa ameosha mikono yake mara mbili kabla ya kuigusa bila kuambiwa na mtu. Nilimega tonge, na nilipoinua kichwa nikakuta macho yake yako kwangu, yanaogopa, hayaondoki.

"Kula, nyieka," akasema. "Kula nikuone."

Nikala. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na sidhani nitakula tena.

Hajarudi Kano ila kusalimia. Kibanda chake kipo, na ukipita Katito asubuhi utakuta foleni. Kwenye jiko la pembeni anachoma viazi vitamu kwa watu wa tumbo kama langu, maana tangu habari ienee tumepatikana wengine wawili.

Nilipoanza kuandika haya ili yamsaidie mwingine, nilimwendea kwanza. Nikamwambia naweza kumwita nyieka tu kutoka mwanzo mpaka mwisho, au nimbunie jina, asijulikane. Alikuwa anakanda unga. Aliendelea kukanda kwa muda.

"Walipolitaja jina langu kwa ubaya hakuna aliyeniuliza," akasema. "Wewe umeniuliza. Liandike lote."

Anaitwa Dorina Akoth.